Taa ya Mishipa

4 Februari

Kaka yangu,

Wifi hajambo? Na wewe, mgongo umekuachia? Mama anakusalimu sana, na anasema ukiandika tena uandike herufi kubwa, maana barua yako ya mwisho nilimsomea mimi na anaamini kuna sehemu niliruka. Niliruka kweli. Habari za mgongo wako hazimsaidii chochote zaidi ya kumkosesha usingizi. Shemeji yako yuko safarini na lori, limeharibika gia huko alikokwenda, kwa hiyo wiki hii tusimtegemee. Kazi zangu si haba. Nimemaliza kibao cha duka la dawa, sasa napaka ukuta wa chekechea: twiga, tembo, na simba mmoja ambaye mwalimu mkuu anasema amefanana na baba mkwe wake. Nimemwuliza nimfute? Akasema niache, niongeze masharubu.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu unakumbuka jinsi simu yetu ya mwisho ilivyoisha. Tulikubaliana: simu ni za kujuliana hali, mambo ya hospitali tuyaandike. Kwa mdomo mimi na wewe hatufiki mbali. Wewe unaanza kunifundisha, mimi nakata.

Haya, mambo ya hospitali. Jumanne ya wiki iliyopita, mwishoni mwa Januari, nilimpeleka Mkia kuongezewa damu. Sihitaji kukueleza wewe nesi kwa nini. Wewe ndiye uliyenifafanulia alichosema daktari, kwamba selimundu imebana mshipa wa kichwani, na kwamba kuongezewa damu kila mwezi ndiko kunakomzuia mtoto asipooze. Nimeelewa, na tangu mwaka jana nampeleka. Damu ilikuwepo, kitanda kilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuipitishia.

Nesi wa kwanza akafunga mpira mkononi, akapapasa, akachoma. Hakuna. Akawa anaizungusha sindano humo humo ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Akahamia mkono wa pili, kiwiko, mguu. Akaja mwenzake, naye akaanza upya. Nikaambiwa, "Mama, mshike vizuri!" Nimshike vipi tena? Nilikuwa nimemlalia. Mpaka mfanya usafi aliyekuwa anapita na ndoo yake aliitwa amkandamize magoti. Watu wazima wote hao juu ya mtoto wa miaka mitano. Walipoupata mshipa karibu na kifundo cha mguu, Mkia alikuwa ameshaacha kulia, na huko kuacha kulia ndiko kulikoniumiza zaidi.

Unamjua huyu mtoto. Tulimpa jina la Mkia kwa sababu daima yuko nyuma yangu, na huko nyuma anauliza maswali mpaka unataka kuziba masikio. Kwa nini mwezi unatufuata? Ng'ombe anajuaje jina lake? Tangu Jumanne haulizi kitu. Juzi tulipita buchani, akamwona muuza nyama na koti lake jeupe, akajificha ndani ya sketi yangu na kukojoa.

Ulinitajia taa fulani inayoonyesha mishipa. Nilikukatia simu kabla hujamaliza. Maliza.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika ikiwa na alama ya rangi ya njano kwenye bahasha, nadhani ni twiga. Sisi wazima. Wifi yako ameanza masomo ya kompyuta jioni, kwa hiyo siku hizi mpishi ni mimi, na tumepungua wote wawili. Mwambie mama mgongo umepona kabisa. Kati yetu, bado.

Nimesoma habari za Mkia nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na nimebadilisha nguo bila kujua ninavaa nini. Sitakufundisha. Namalizia tu.

Hiyo taa ni kidude kidogo kama rimoti, kimeshikwa na mkono wa chuma kando ya kitanda. Ukikiwasha kinamwaga mwanga wa kijani juu ya ngozi, na mishipa inajichora hapo hapo, michirizi myeusi kama mito kwenye ramani. Hakimgusi mtoto, hakiumi, hakina joto. Kuna mwanga mwingine ndani yake ambao macho yetu hayauoni. Damu inaumeza, nyama inaurudisha, na kile kidude kinasoma tofauti hiyo na kuirudisha juu ya ngozi kama picha. Kukielewa nimechukua muda, lakini kukitumia hata wewe ungeweza.

Mimi ndiye niliyekiomba. Mwaka mzima nimekuwa kero kwenye kila kikao, mpaka mkuu wetu wa wodi akawa akiniona koridoni anageuza njia. Hatimaye wafadhili wamekileta. Siku ya kwanza nilikijaribu kwa mtoto mchanga mnene, mikono kama mkate uliotoka kwenye oveni, mtoto ambaye sisi wote tunamwogopa. Nikamulika, nikaona, nikachoma. Damu hiyo! Mkuu wa wodi alipiga makofi. Mama wa mtoto alidhani kuna sherehe.

Nakwambia, mambo ya kubahatisha yamekwisha. Hiki kitu hakikosei.

Zamu ya Mkia ya Februari inaangukia mwisho wa mwezi. Usiiruke. Niandikie ilivyokwenda.

Kaka yako


18 Machi

Kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama aling'olewa jino, akatangaza kwamba hatakula tena maishani, akala jioni yake. Kisha mvua. Kisha ukuta wa chekechea ukaanza kubanduka na nikarudia tembo mzima. Shemeji yako alipita siku mbili, amenenepa, ameondoka tena.

Nilifurahi mno kusoma habari za taa. Niliisoma barua ile mpaka karatasi ikalegea. Nikavaa gauni langu la kikao, nikaenda kwa matroni wa hospitali yetu. Nikamwuliza, "Mnayo taa ya kuonyesha mishipa ya watoto?" Akasema, "Mama, sisi hata taa ya dari tunaisubiri tangu mwaka jana." Akacheka, nami nikacheka, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi na hasira zangu.

Baadaye nikafikiri: kwani hicho kidude si kidogo kama rimoti? Huwezi kukiazima siku moja? Upande nacho basi, ushuke nacho, umchome Mkia, urudi nacho. Nitakuchinjia kuku wa jirani.

Mkia anacheza vizuri. Amekuwa mvivu kidogo, mchana analala sana. Nadhani ni joto.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Wote wazima, salamu kwa mama na pole ya jino.

Taa haiwezi kutoka hospitalini. Taa haitoki hata kabatini. Mkuu wa wodi ameifungia kwa sababu ni kitu cha thamani na sisi, kwa maneno yake, tuna mikono ya kuvunja. Ufunguo anauweka kwenye mkoba wake. Wiki iliyopita alikwenda semina, na ufunguo ukaenda semina. Nilisimama mbele ya kabati la kioo, naiona taa kule ndani, huku nyuma yangu mtoto mwenye kuhara amekauka kiasi kwamba ngozi yake ukiibana haitaki kurudi, na daktari anapiga kelele, "Njia iko wapi? Njia iko wapi?" Njia ya kumpitishia maji tuliipata kwa kutoboa mfupa wa mguu. Yuko hai. Mimi sijui nilikuwa na hasira na nani zaidi.

Wageni wakija, taa inatoka. Inapanguswa, inachajiwa, inawashwa juu ya mkono wa nesi mwanafunzi, watu wanapiga picha. Wakiondoka inarudi ndani. Nimelalamika. Nimeambiwa nina mdomo.

Basi tuache ya kwangu. Umeniandikia kuhusu jino, tembo, matroni na kuku wa jirani. Nilikuuliza jambo moja na hukulijibu. "Mchana analala sana": sentensi hiyo nimeirudia kuliko barua yote. Hilo si joto.

Februari mlienda?

Kaka yako


5 Aprili

Kaka,

Mama anakusalimu.

Wewe unachoma, halafu unavua glavu unaenda kunywa chai. Hujawahi kumlalia mtoto wako huku akikuangalia usoni na kukuuliza amekukosea nini. Taa yako iko kabatini. Mtoto wangu yuko hapa kitandani, analala bila kushtuka.

Usiniulize tena.

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Simu yako imezimwa tangu Jumapili, kwa hiyo barua hii naituma na dereva wa basi la asubuhi. Mama ataipokea stendi na nimemwambia akuwekee mkononi na asiondoke mpaka umeisoma.

Usimkasirikie mama. Hakukusengenya. Nilimpigia kumjulia hali, naye katikati ya habari za jirani akasema macho ya Mkia yamekuwa ya njano, na kwamba juzi kikombe kilimponyoka mkononi, akakiokota kikaponyoka tena. Alisema kama jambo la kuchekesha.

Mkono upi? Ni ule ule mara zote? Akicheka, mdomo unakwenda upande? Mwangalie sasa hivi, kabla hujageuza ukurasa.

Kama mkono umelegea, usingoje basi wala kaka. Nenda hapo hospitalini kwenu, hata wakimchoma mwili mzima. Namaanisha nilichoandika. Alama ya sindano inapona. Kule kichwani kukiziba, hakuna nesi, hakuna daktari, hakuna taa itakayomrudishia mkono wake. Nakuogopesha makusudi, kwa sababu kukubembeleza kumeshindikana.

Kama mkono uko sawa, pandeni basi mje. Nimeongea na daktari wetu, damu imetengwa, kitanda kipo, na mkuu wa wodi ameapa mbele ya watu kwamba siku hiyo kabati litakuwa wazi. Nitamchoma mwenyewe. Mara moja tu, nakuahidi.

Kaka yako


3 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mlifika salama na mtoto hakutapika njiani. Wifi yako anauliza kama mkate ulitosha. Huku mvua. Wodini hakuna jipya.

Nitaandika kwa kirefu nikipata nafasi.

Kaka yako


14 Mei

Kaka,

Hapa kwetu salama. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kila mahali, kwa hiyo nyumba nzima hatuna amani. Shemeji yako amepewa njia fupi, atakuwa anarudi kila wiki. Nimemwambia ajiandae, mwezi huu hospitali anakwenda na sisi.

Barua yako ina mvua na mkate na wodi isiyokuwa na jipya. Sawa. Nitasema mimi.

Februari hatukwenda. Machi hatukwenda. Mara zote mbili nilimvalisha, nikamwambia tunakwenda kununua viatu, tukafika mpaka getini. Akalijua geti. Hakupiga kelele, alinishika gauni tu na kutetemeka mwili mzima, nami nikageuka naye. Mama nilimwambia tumekuta foleni. Ulipoandika kuhusu kikombe nilimwangalia kabla sijageuza ukurasa, kama ulivyosema. Mkono ulikuwa sawa. Siku iliyofuata tulikuwa kwenye basi. Nilikuja kwa sababu ya neno lako moja: mara moja tu.

Uliiwasha ile taa na mishipa ikatokea kweli. Mimi mtu wa rangi na mistari nilishindwa kupumua. Nikasema moyoni, kaka hakutia chumvi. Ukachoma pale pale kwenye mstari, niliona kwa macho yangu, na hapakutoka kitu. Ukasema, "Kidogo tu, kidogo tu." Ukahamia mkono mwingine. Pale pakatoka damu, ukashangilia, ukasukuma maji, na mkono ukavimba kama yai. Ukageuka rangi. Ukaweka sindano kwenye sinia, ukavua glavu, ukatoka. Hukuniangalia. Uliniacha na mtoto analia na taa inamulika shuka.

Najua hujui kilichofuata, kwa sababu hukurudi.

Aliingia yule nesi mwenzako wa miwani, mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Nilidhani anakuja kuendelea ulipoishia. Hakushika sindano. Alifungua mpira mkononi mwa Mkia, akamkanda pale palipovimba, akavuta kiti akakaa. Akaniambia, "Tupumzike, mama. Sote tumechoka." Akaleta maji ya vuguvugu kwenye beseni, miguu ya Mkia ikawekwa humo, akapewa maji ya kunywa kikombe kizima.

Taa ilikuwa bado inawaka. Mimi nikanyoosha mkono kuisogeza isimwumize macho, mwanga ukapita juu ya kiganja changu. Mkia akanyamaza. Akatazama.

"Mama, na wewe unayo?"

Kaka, swali! Tangu Januari sikuwa nimesikia swali kutoka kinywani mwa huyu mtoto. Nikasema ninayo. Akataka kuona mkono wa pili. Akataka kuona wa nesi, nesi akauweka.

"Ya kwako imepinda."

"Nimeanza kuzeeka," nesi akasema.

"Inauma?"

"Hapana. Ikichomwa ndiyo inauma."

"Kama ya kwangu?"

"Kama ya kwako. Ila ya kwako imechomwa mno, imekuwa migumu, inakimbia. Taa inatuonyesha iko wapi, haituambii iko chini kiasi gani. Ndiyo maana mjomba wako amekosa."

Hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Hata mimi. Mkia akamulika mguu wake mwenyewe, akaufuatisha mstari kwa kidole kutoka kwenye vidole mpaka juu. Nesi akamwacha acheze mpaka akaridhika. Kisha akasema, "Sasa nitakuchoma, na itauma. Nikikosa, nitajaribu tena. Nikikosa tena, naacha, namwita mwingine. Umenielewa?" Mkia akaitikia kwa kichwa.

Alikosa mara ya kwanza, sikudanganyi. Mara ya pili aliupata, mguuni. Mkia alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Lakini hakupigana, na hakuna aliyemlalia.

Basi nimefurahi kwa hilo, na bado nimekukasirikia. Uliniambia kitu hakikosei. Uliniahidi. Na siku ya kuondoka hukuja stendi. Wifi alisema una zamu, huku anafunga mkate. Wifi hajui kudanganya, masikio yake yanakuwa mekundu.

Mdogo wako


22 Mei

Mdogo wangu,

Wifi yako amesoma barua yako kabla yangu na ameficha masikio kwa kitambaa siku nzima. Sikuwa na zamu.

Nitakuandikia hili mara moja, na tukionana usinitake nilirudie. Mshipa niliuona waziwazi, mweusi, mnene, na nikaamini macho. Mkono wangu ulikuwa unaniambia mshipa haupo hapo, upo chini zaidi, nikaupuuza mkono, maana taa ilikuwa inawaka na wewe ulikuwa umesimama unaniangalia kama mtu anayeangalia muujiza. Wa pili niliharakisha. Kisha Mkia akaniangalia, akasema, "Daktari, basi." Wewe ulikuwa unambembeleza, labda hukusikia. Hakusema mjomba. Mtoto niliyemfundisha kupiga mluzi aliniomba kama anavyomwomba mtu asiyemjua. Mikono ikakataa. Nilikwenda stoo ya mashuka, na huko ndiko nilikokuwa.

Baada ya hapo niliomba nafasi kwenye kikao cha wodi. Nikasema hadharani kwamba mimi ndiye niliyeipigania ile taa na bado naitaka, ila tumeitangaza kuliko inavyostahili. Inasaidia kwa watoto wanene na wale ambao mishipa haionekani wala haishikiki kwa kidole. Kwa watoto kama Mkia, waliochomwa miaka, inakuonyesha mito iliyokauka pamoja na iliyo hai, nawe hujui ipi ni ipi. Haimfanyi nesi aliyechoka awe mpya. Nikaomba mambo matatu tu: itoke kabatini, tufundishwe wote kuitumia, na mtu akikosa mara mbili aache na kumwita mwenzake, hata kama ni daktari bingwa.

Mkuu wa wodi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wafadhili wanakuja Alhamisi. Unataka niwaambie zawadi yao haifanyi kazi?" Nikasema sikusema haifanyi kazi. Akasema ndivyo itakavyosikika. Jumatatu nikakuta jina langu limehamishiwa chumba cha vidonda. Sasa nafunga miguu ya wazee wanaoniita kijana na kunisimulia ndoa zao. Sio kazi mbaya. Ila nikipita mbele ya wodi ya watoto naona kabati, na taa iko ndani yake, inang'aa.

Nesi wa miwani ananiambia yeye ile kanuni ya mara mbili anaitumia bila kutangaza, na manesi wawili vijana wameanza kumwiga. Ndiyo hatua tuliyopiga. Ni ndogo, na inaniudhi kwamba ni ndogo.

Zamu ya Mkia imefika. Huko hakuna taa, na mimi sina tena la kukuahidi. Nina haya tu. Anywe maji tangu jana yake. Mikono na miguu iwe na joto. Mwambie mnakokwenda. Na kabla hawajaanza, waombe: mara mbili, kisha mwingine. Wakikasirika, wakasirike. Wewe si mgeni wao wa chai.

Kaka yako


8 Juni

Kaka,

Mama anakushukuru kwa herufi kubwa. Shemeji yako amerudi kama alivyoahidi na gia mpya, na anajiona dereva wa ndege. Pole ya chumba cha vidonda. Mama anasema wazee wakikusimulia ndoa zao uandike, zitamfaa kumsimulia jirani.

Tulikwenda. Alhamisi.

Nesi aliyekuwepo ni yule yule wa Januari, aliyekuwa anatafuta funguo kwenye mkoba. Nikamwambia kama ulivyoniambia. Akanyanyua uso taratibu. "Mama, unanifundisha kazi?"

"Hapana, dada. Nakuomba."

"Kila mtu akija na sheria zake tutafanya kazi saa ngapi?"

Shemeji yako akaanza kunivuta mkono, unajua anavyoogopa ugomvi. Nikasema, "Mara mbili tu, kisha tutangoja. Hata tukingoja mpaka jioni." Akavuta pumzi kwa nguvu, akafunga mpira. Akakosa. Akahamia mkono mwingine, akakosa. Nikaona anainua mkono wa kwanza tena, nami nikaweka kiganja changu juu ya mkono wa Mkia, nikaacha pale. Nesi akaniangalia, akatupa sindano kwenye boksi kwa kishindo, akatoka.

Na tulingoja kweli. Damu imerudishwa kwenye friji, watu wanapita, hakuna anayetusemesha. Nilikwenda dirishani kuuliza, nikaambiwa nimelitaka mwenyewe. Nilitukana kimoyomoyo matusi ambayo mama hajui kwamba nayajua. Nikawaza, haya ndiyo malipo ya mtu mwenye mdomo. Kaka yuko na vidonda, mimi niko kwenye benchi. Shemeji yako akasema twende nyumbani. Nikamwambia nenda wewe. Hakwenda.

Mchana akaja mwanamume mmoja bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji, ni wa dawa za usingizi. Nesi ndiye aliyemwita, kaka. Alimngoja amalize upasuaji, akamleta, akasimama naye pembeni akiwa amekunja mikono. Nataka nimchukie na nashindwa.

Mkia akamwangalia yule bwana mikononi.

"Taa yako iko wapi?"

"Taa gani?"

"Ya kijani. Ya kuona mishipa."

"Sina, bibi."

Mkia akafikiri. "Basi angalia vizuri."

Akaangalia vizuri. Alipapasa muda mrefu, amefumba macho, akaupata nyuma ya kiganja, mara moja. Mkia alipiga yowe lililosikika mpaka kwa wauza magazeti. Damu ikaanza kushuka. Nesi akaja kubandika plasta, akaibandika vizuri, pembe zote nne. Nadhani mwezi ujao tutagombana tena.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya yote hayo, sikusema tunakwenda kununua viatu. Nilimkalisha kitandani, nikamwambia: Leo ni hospitali. Utachomwa, itauma, labda zaidi ya mara moja. Alianza kulia hapo hapo. Shemeji yako akanitolea macho, kwa nini unamwambia. Nikamfunga kamba za viatu huku analia, tukatoka huku analia, jirani akachungulia. Kwenye kona nikainama nimbebe. Akanisukuma mikono. Akasema, "Niache." Alilia barabara nzima, kaka, watu wakigeuka kututazama, akalia mpaka getini na akapita getini analia. Lakini alikwenda kwa miguu yake.

Mdogo wako